"Imekubali" Si Jibu: Kiraka Changu cha Kwanza Kwenye Kerneli ya Linux

Mwalimu wa kompyuta alikuwa na kawaida ya kunipigia simu saa mbili kasoro asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza.

"Fundi, ile namba saba imekufa tena."

"Mwalimu, si jana uliniambia imekubali?"

"Jana ilikubali. Leo haitaki."

Maabara ile niliifunga mwenyewe. Kompyuta kumi na nne za mtumba, zile ndogo za ukubwa wa kamusi, zote zinaendeshwa na Linux kwa sababu shule haikuwa na hela ya leseni. Baadhi zilikuwa na tundu bovu la waya wa mtandao, kwa hiyo nikazinunulia adapta za USB, za bei poa, zote kutoka boksi moja. Halafu nikaipanga ruta ihudumie mashine zilizoandikishwa peke yake, kwa anwani ya MAC, maana bila hivyo bando la shule lingeliwa na simu za bwenini kabla ya mwezi kufika katikati.

Asiyeijua anwani ya MAC: ni baiti sita ambazo kila kadi ya mtandao hutoka nazo kiwandani. Tatu za mwanzo humtambulisha mtengenezaji, tatu za mwisho huitambulisha kadi yenyewe. Zimeandikwa kwenye chipu ndogo ndani ya kadi na hazitakiwi kubadilika zenyewe.

Basi nikifika, nachomoa adapta ya namba saba, nachomeka, inakubali. Narudi nyumbani. Baada ya siku tatu, simu.

Hili neno "imekubali" nalipenda na nalichukia. Kwa mafundi wa kwetu ndilo neno la kufungia kazi. Redio imekubali, pikipiki imekubali, simu iliyotumbukia kwenye ndoo imewekwa kwenye mchele ikakubali. Likishatamkwa, mteja analipa na hakuna anayeuliza kilichokuwa kinakataa ni nini. Nimekula mkate kwa neno hilo miaka mingi, na sikudhani kuna mahali duniani ambapo ukilisema utaonekana hujaanza hata kazi.

Siku moja, kwa uvivu tu wa kusubiri mvua iishe, nilifungua orodha ya ruta ya vifaa vilivyokataliwa. Nilitegemea kuona simu za wanafunzi. Zilikuwepo. Lakini katikati yake kulikuwa na anwani saba au nane zilizofanana kwa baiti nne za mwanzo, zikatofautiana kwa mbili za mwisho tu. Na zile nne za mwanzo nilizijua, kwa sababu nilikuwa nimeziandika kwa peni kwenye plasta na kuibandika juu ya adapta ya namba saba.

Adapta ilikuwa inabadilisha jina. Si kila siku, ila siku nyingine inaamka na mkia mpya, ruta haiitambui, inaifungia mlango.

Nikafanya kile ambacho kila fundi hufanya akikosa wazo: nikasasisha kila kitu, kerneli (kiini cha Linux) mpya kwenye mashine zote. Wiki iliyofuata mwalimu alipiga kwa sauti nyingine kabisa. Sasa namba saba na namba kumi na moja zilikuwa zinanyang'anyana. Moja ikipata mtandao, nyingine inapotea. Nikaziangalia zote mbili: anwani moja, neno kwa neno, na zote zinaishia na 00:00.

Pale nikakaa chini. Hitilafu ya kubahatisha ilikuwa imegeuka kuwa hitilafu yenye utaratibu, na kwa fundi hiyo ni zawadi.

Draiva za mtandao za USB, yaani programu zinazoiwezesha kerneli kuongea na adapta kama zangu, ziko kwenye folda ya drivers/net/usb ndani ya kerneli. Nyingi zinategemea msimbo mmoja wa pamoja unaoitwa usbnet, kwa hiyo draiva yenyewe huwa fupi, unaweza kuisoma yote kabla chai haijapoa. Jina la ile yangu na la waliotengeneza chipu nitaliacha, kwani kosa lenyewe limewahi kukutwa kwenye draiva kadhaa za ukoo huohuo. Syzbot, ile roboti ya Google inayoitupia kerneli vifaa bandia vya USB mchana na usiku, imeshaibua mengi yanayofanana nalo.

Lilikuwa hapa. Draiva inaandaa nafasi ya baiti sita kwenye staki (kumbukumbu ya muda), inakiambia kifaa "nipe anwani yako", kisha inaangalia jibu, ambalo imelipa jina ret:

if (ret < 0) return ret;

Inaonekana sawa. Fanksheni ya usbnet, yaani kipande cha msimbo cha kusoma kutoka kwenye kifaa, hurudisha namba hasi ikishindwa. Ila ikifaulu hairudishi sifuri, hurudisha idadi ya baiti ilizopata. Ukiomba sita ukapewa nne, jibu ni 4. Nne si namba hasi, draiva inaridhika na inaendelea. Baiti nne ni za kweli. Mbili zilizobaki hakuna aliyezigusa, zina chochote kilichoachwa pale na fanksheni iliyopita, kama chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba hakukifagia, unaingia unakuta sufuria ya mpangaji aliyehama.

Na zile 00:00? Kompaila ya GCC, inayogeuza msimbo kuwa programu, tangu toleo la 12, la mwaka 2022, inaweza kuagizwa ijaze sifuri kwenye kila nafasi ya staki kabla haijatumika, na kerneli mpya niliyoweka ilikuwa imejengwa hivyo. Kwa usalama ni jambo zuri sana. Kwangu mimi ilimaanisha kwamba takataka za kubahatisha zimegeuka sifuri zinazofanana, na adapta mbili za boksi moja, zinazofanana kwa baiti nne za mwanzo, zikawa mapacha.

Niliongeza mstari mmoja kabla ya kusoma anwani: subiri milisekunde 100. Nikajenga moduli ile tu, yaani draiva peke yake, badala ya kerneli nzima (make M=drivers/net/usb, laptopu yangu ya zamani ilimaliza ndani ya dakika chache), nikaipakia. Nikachomoa na kuchomeka hadi vidole vikauma. Anwani nzima kila mara. Imekubali.

Na hapo ndipo nilipoamua kuipeleka kwa wenyewe.

Kwa asiyezoea: kerneli ya Linux haina ofisi unayopeleka maombi. Unaandika badiliko lako kama kiraka, yaani maandishi yanayoonyesha mistari uliyotoa na uliyoongeza, unakituma kwa barua pepe ya maandishi matupu kwa wanaosimamia sehemu ile, na yeyote anayetaka anasoma na kukosoa hadharani. Napenda kwamba Kiswahili kina neno lake tayari. Kiraka ni kiraka, cha suruali au cha kerneli, na fundi cherehani mzuri anajulikana kwa kiraka kisichoonekana. Ndani ya msimbo wa kerneli kuna programu ndogo iitwayo get_maintainer.pl. Unailisha kiraka chako, inakutajia majina ya wa kuandikiwa. Upande wa mtandao utakutana na majina kama Jakub Kicinski, Paolo Abeni, Eric Dumazet na David S. Miller.

Nilianza kwa aibu. Nilinakili kiraka na kukibandika kwenye kivinjari, kwenye huduma ya barua pepe ninayotumia kila siku. Kerneli hupanga msimbo kwa alama ya tabo, yenye upana wa herufi nane, na kivinjari kilizigeuza tabo zangu zote kuwa nafasi za kawaida. Kiraka kilichofika hakikuweza kubandikwa popote. Roboti ilikuwa ya kwanza kunijulisha, kabla ya binadamu yeyote. Nikajifunza git send-email, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) inayotuma kiraka kama kilivyo, usiku ule ule.

Kosa la pili ni la kichwa cha barua. Upande wa mtandao una miti miwili, yaani nakala mbili za msimbo: net kwa marekebisho, net-next kwa mambo mapya. Lazima useme kiraka chako ni cha mti gani, ndani ya mabano mraba, mwanzoni kabisa. Tofauti si ya urasimu. Net-next hufungwa kila linapofunguliwa dirisha la wiki mbili ambalo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hupokea mambo mapya ya toleo lijalo, na ukituma kipengele kipya wakati huo unarudishwa. Marekebisho hayafungiwi, yanapelekwa kwake karibu kila wiki, kwa kawaida Alhamisi. Toleo moja la kerneli huchukua wiki tisa au kumi, na ndani yake huingia mabadiliko zaidi ya 10,000 kutoka kwa watu wapatao 2,000. Ukifikiria hesabu hiyo unaacha kununa kwamba mtu amekujibu kwa sentensi moja.

Sentensi yangu ilikuja kesho yake. Mkaguzi aliuliza kwa nini milisekunde 100 zinasaidia.

Basi. Hakuna asante, hakuna karibu. Nilikereka, nikaisoma mara tatu nikitafuta dharau ndani yake. Mke wangu akaniuliza kimeandikwa nini, nikamtafsiria. Akasema, "Si amekuuliza swali tu? Mjibu."

Sikuwa na jibu. Hilo ndilo lililoniuma. Nilijua kwamba kusubiri kunafanya mambo yakubali, sikujua kwa nini. Je, 100 inatosha kwa adapta yenye joto? Kwa iliyounganishwa kupitia kigawanyio cha USB? Kwa kompyuta yenye kasi mara tatu ya zangu? Nilikuwa nimeziba mdomo wa kosa na kuliacha hai.

Kerneli ina chombo kiitwacho usbmon, kinachokuwezesha kusikiliza mazungumzo kati ya kompyuta na kifaa cha USB. Ukikifungua kwa Wireshark unaona kila ombi na kila jibu. Nikachukua daftari, nikachomoa na kuchomeka mara arobaini, kila mara naandika vitu viwili: jibu limekuja na baiti ngapi, na anwani imetoka nzima au mbovu. Kila anwani mbovu ilikuwa na jibu la baiti nne. Kila nzima, sita. Hakuna hata moja iliyokwenda kinyume. Na majibu mafupi yalikuja pale tu ombi lilipowahi mno baada ya umeme kuingia kwenye adapta, yaani chipu ilikuwa inaulizwa jina kabla haijamaliza kuamka.

Kwa hiyo makosa ni mawili. Kifaa kinachelewa, hilo ni la kifaa. Draiva inaamini jibu pungufu, hilo ni la kwetu, na ndilo kubwa, kwa sababu USB ni waya ambao mtu anaweza kuuchomoa muda wowote. Draiva inayodhani kila jibu litakuja kamili haijaelewa inaishi wapi.

Niliandika toleo la pili kwa furaha, na kwa haraka. Haraka ya kwanza: nililituma saa chache baada ya jibu, wakati utaratibu wa upande wa mtandao unataka upishe angalau saa 24, ili walio upande mwingine wa dunia nao waamke wasome. Nikakumbushwa. Haraka ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na nitaionyesha kama ilivyokuwa:

if (ret != ETH_ALEN) return ret;

ETH_ALEN ni sita. Maana yake: kama hukupata baiti sita, acha kazi urudishe ulichopewa. Iangalie tena. Mimi niliiangalia siku nzima nisione kitu.

Mkaguzi, yule yule, aliona. Jibu likiwa pungufu, ret ni 4. Narudisha 4. Nani anapokea? Fanksheni ya usbnet inayoandikisha kifaa, nayo inauliza tu kama ilichopokea ni chini ya sifuri. Nne si chini ya sifuri. Kwa hiyo kerneli ingeamini kwamba kila kitu kimekwenda vizuri na kuandikisha kifaa ambacho draiva imekikimbia katikati ya matayarisho. Nilikuwa nimelirudia kosa lile lile nililokuja kulirekebisha, ngazi moja juu. Dawa yake ni kutofautisha: kama ret ni hasi, irudishe hiyo hiyo. Kama ni chanya lakini pungufu, rudisha -EIO, kosa la kusoma au kuandika.

Nilicheka peke yangu mezani. Ile hasira ya sentensi moja iliisha siku hiyo. Mtu nisiyemjua, asiyelipwa na shule yangu, amekaa akaufuata mstari wangu hadi kwa fanksheni inayopokea jibu lake, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulifanya.

Akaomba mawili zaidi. La kwanza, nikigawe kiraka: kimoja cha kukataa jibu pungufu, kingine cha kujaribu tena mara kadhaa kabla ya kukata tamaa. Jambo moja kwa kiraka kimoja, ili kama cha pili kitaleta balaa kiweze kung'olewa bila kukigusa cha kwanza. Nilipinga kidogo, nikisema cha kwanza peke yake kitafanya adapta isionekane kabisa siku inapochelewa. Alisema ndiyo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nimelifikiria sana hilo na sasa nakubaliana naye: heri adapta iseme "sipo" kuliko kuingia mtandaoni na jina la kughushi.

La pili, mstari wa Fixes. Ukituma rekebisho unatakiwa kutaja badiliko lililoleta kosa: herufi 12 za mwanzo za namba yake ya Git, na kichwa chake. Mstari huo ndio unaowasaidia akina Greg Kroah-Hartman, wanaotunza matoleo ya muda mrefu, kujua rekebisho lirudishwe nyuma hadi wapi. Nikaendesha git blame, amri inayoonyesha kila mstari umeandikwa na nani na lini. Ikaniambia mstari ule umeandikwa wiki iliyopita. Na wa juu yake wiki iliyopita. Faili zima, kerneli nzima, imeandikwa na mtu mmoja siku moja.

Ilikuwa bando. Historia kamili ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, na mimi kwa ubahili nilikuwa nimepakua kipande cha juu tu, bila historia. Git, isipojua mstari umetoka wapi, humtupia wa mwisho inayemwona. Nilinunua bando la usiku, nikaacha laptopu ikipakua hadi alfajiri. Kwa taarifa yako, hata historia kamili ina mwanzo: Aprili 2005, Torvalds alipoihamishia kerneli kwenye Git aliyoitengeneza mwenyewe, akianzia toleo la 2.6.12-rc2. Makosa ya zamani kuliko hapo yote hubebeshwa badiliko moja, 1da177e4c3f4, namba ambayo wazee wa kerneli wanaijua kwa kichwa. Langu halikuwa la zamani hivyo. Lilikuja na draiva yenyewe, siku ya kwanza.

Toleo la tatu nililiandika kwa siku nne. Msimbo ulichukua nusu saa. Muda mwingine wote ni maelezo: nini kinatokea, mtumiaji anaona nini, kwa nini, na nimejuaje. Nilieleza usbmon, baiti nne, mashine mbili zenye anwani moja. Chini ya mistari mitatu midogo ya kukatia niliweka kilichobadilika tangu toleo la pili, maana sehemu hiyo husomwa na wakaguzi lakini haiingii kwenye historia. Nikapanga vigeu vya ndani ya fanksheni kuanzia mstari mrefu kushuka mfupi, kile wanachokiita mti wa Krismasi uliopinduliwa, kanuni ambayo sijawahi kupata sababu yake na ambayo sasa inanisumbua nikiona msimbo usioifuata. Mwisho, Signed-off-by na jina langu kamili: kiapo kwamba kazi ni yangu na nina haki ya kuitoa. Kiapo hicho kilianza 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka uliotangulia kuhusu msimbo uliomo ndani ya Linux.

Kimya cha siku tatu. Halafu mkaguzi akaweka mstari wake wa Reviewed-by, yaani amekikagua na kuridhika, bila neno jingine. Siku moja baadaye ikaja barua ya roboti: viraka vyote viwili vimepokelewa kwenye mti wa net. Roboti hiyo hufunga barua zake kwa kumwambia kila mtu kwamba ni hodari na kumshukuru. Najua ni roboti. Nilimwonyesha mke wangu hata hivyo.

Rekebisho lilifika maabara kwa njia ya kawaida, ndani ya sasisho la mfumo ambalo mwalimu alilibofya mwenyewe bila kujua. Niliifuta moduli yangu ya mkono, nikabandua plasta. Wiki mbili sikupigiwa simu, nikaamua kwenda kuangalia.

"Ile saba vipi, Mwalimu?"

"Imekubali. Ulifanyaje?"

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa nimefika kwenye baiti nne aliponigusa bega.

"Sawa, fundi, sawa. Sasa hii tisa, kibodi yake haitaki herufi A."